Tulitafuta mji wa kupumzikia Connecticut, tukakuta pembe za kwetu

Isike wa Springfield (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi wiki iliyopita, zamu za usiku zikanibana. Leo niko nyumbani, chai ipo mezani, acha niandike. Ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mama yangu yuko huku tangu mwezi wa tano, amekuja kuwaona wajukuu. Ana miaka 76, Mnyamwezi wa Tabora, mwalimu mstaafu. Wiki ya tatu tu akaanza kusema Marekani yote aliyoiona ni maegesho ya magari na kuta za maduka. Nikaona aibu. Nikamwambia mke wangu, Jumamosi hii tunamtoa bi mkubwa.

Mpango ulikuwa mwepesi: kushuka na bonde la mto Connecticut hadi Essex, watoto wapande treni ya mvuke, tule, turudi. Kutoka Springfield unashika I-91, unapita Hartford, kisha unaingia barabara ya 9 kwenda kusini. Ukiendesha kistaarabu ni saa moja na ushee. Mimi nikaiacha ile ya 9 mapema, nikashika ya 154, barabara ya zamani inayopita katikati ya miji yenyewe. Hapo ndipo mama aliponyamaza. Nyumba za mbao nyeupe, makanisa yenye minara myembamba kama penseli, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mto unaonekana na kupotea kwenye miti. Mama akinyamaza garini ujue anafurahi.

Deep River hatukupanga kusimama. Mdogo wetu alibanwa na mkojo, basi. Mji una watu 4,400 hivi, mtaa mkuu unaumaliza kabla soda haijaisha. Jengo la halmashauri ni la mwaka 1893, limekaa kwenye njia panda na limebanwa ncha kama pasi. Nikampeleka mtoto msalani, narudi namkuta mama amesimama mbele ya nembo ya mji, mikono kiunoni.

"Isike, huyu ndovu anafanya nini huku?"

Kweli, ndovu. Mji wa baridi kali, wa wajenzi wa meli, na kwenye nembo wamemweka ndovu.

Tukaingia mgahawani kununua kahawa. Kuna mzee wa makamo ya mama akatusikia tunaongea, akauliza tumetoka wapi. Nikasema Tanzania. Wakuu, nimekaa nchi hii miaka 14. Ukisema Tanzania unajibiwa Tasmania, au simba, au Kilimanjaro. Huyu mzee hata hakufikiri, akauliza: Zanzibar? Kisha akaanza kueleza huku kahawa yake inapoa.

Kwa ufupi ni hivi. Deep River na kijiji jirani cha Ivoryton, ambacho kiko ndani ya mji wa Essex, viliishi kwa pembe za ndovu kwa zaidi ya miaka 150. Jina lenyewe Ivoryton maana yake mji wa pembe. Walianza na vitana. Mwishoni mwa miaka ya 1790 fundi saa mmoja wa huku, Phineas Pratt, alibuni mashine ya kukata meno ya vitana. Huyo huyo aliwahi kusaidia kutengeneza ile nyambizi ya kwanza ya vita vya uhuru wao. Kabla ya hapo kitana kilikatwa jino moja moja kwa msumeno wa mkono. Baadaye familia za Marekani zikaanza kununua piano, na piano inataka vibonyezo vyeupe 52. Hapo ndipo pesa ilipokuja. Deep River ilikuwa na Pratt, Read & Co., kampuni iliyounganishwa mwaka 1863. Ivoryton ilikuwa na Comstock, Cheney & Co. Wenyeji hutaja hadi asilimia 90 ya pembe zilizoingia Marekani kuwa zilipita kwenye misumeno ya vijiji hivi viwili. Na kituo kikuu cha kununulia kilikuwa Zanzibar.

Mzee akatuelekeza kiwanda kilipo. Kile cha kwanza kiliungua mwaka 1881, kilichopo kilijengwa baadaye. Ni matofali mekundu, madirisha mengi marefu. Siku hizi ni makazi ya watu, wanakiita Piano Works. Kuna mtu ametundika maua dirishani, mwingine anaosha gari. Mama akatembea kandokando ya ukuta, akaugusa kwa kiganja, hakusema kitu.

Treni tuliikosa. Essex tulifika saa kumi, watoto wakanuna hadi Hartford. Nitaendelea, zamu inaniita.

Konda Mstaafu

Natandika mkeka hapa. Mkuu weka picha, uzi bila picha ni kama daladala bila honi.

Nyakio254

Ngoja. Yaani kuna mahali Amerika panaitwa Ivoryton na hawajabadilisha jina? Na watu wanaishi hapo tu wanafuga paka?

Isike wa Springfield

@Nyakio254 wanaishi tu. Wana na ukumbi wa michezo ya kuigiza, Ivoryton Playhouse. Ulijengwa 1911 kama ukumbi wa starehe wa wafanyakazi wa kiwanda. Mwigizaji wa filamu Katharine Hepburn alicheza hapo mwaka 1931 akiwa bado hajulikani. Jina la kijiji liko kwenye kila bango.

@Konda picha nimepiga, ila nyingi mama amesimama mbele ya lenzi. Nitachagua.

Mtu wa Forodhani

Assalaam aleikum jamaa. Mie niko Unguja, Mji Mkongwe, nasoma huku natabasamu. Hayo ya Connecticut huko ni mwisho wa kamba. Mwanzo wake uko huku, tena nyumba kadhaa za biashara hiyo bado zimesimama.

Wamarekani walitangulia Waingereza kufungua ubalozi mdogo hapa. Mkataba na Sultani Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, akatumwa Edmund Roberts. Mwaka 1837 akaja balozi mdogo wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu, kinachostahimili jua na maji. Ndicho bibi zetu walichokiita amerikani, na jina hilo likaenda na misafara hadi Ujiji na ng'ambo yake. Wakirudi, walibeba pembe, sandarusi na ngozi.

Sasa skiza hii. Huyo Waters alikuwa mcha Mungu, anauchukia utumwa, akiandika kwenye shajara yake jinsi anavyosononeka kuona watumwa wakiuzwa. Lakini asubuhi anakaa na Jairam Shivji, aliyekodi ushuru wa forodha kwa Sayyid, wanapanga bei. Na ushuru wa forodha hiyo ulitozwa hata kwa vichwa vya watu.

FundiVinanda

Wadau, mimi natengeneza piano, ndiyo kazi yangu tangu 1998, Nairobi kwanza na sasa Mwanza. Acha niseme mambo mawili matatu ambayo mtu akikaa mbele ya piano ya zamani atayaona kwa macho.

Kibonyezo cheupe si pembe nzima. Ni mbao, na juu yake kumebandikwa kipande chembamba cha pembe, unene kama wa kucha nene. Na kipande hicho si kimoja, ni viwili: kile kipana cha mbele mnapoweka kidole, na kile chembamba kinachoingia kati ya vibonyezo vyeusi. Vinaungana kwa mstari mwembamba sana. Ukiuona huo mstari, na ukiinamisha kichwa ukaona nyuzi kama za ubao au kama alama za kidole, hiyo ni pembe. Ukikuta rangi moja tambarare bila nyuzi wala kiungo, hiyo ni seluloidi, yaani plastiki ya kizamani, au plastiki ya kawaida.

Pembe moja kubwa na nzuri ilikatwa ikatoa vibonyezo vya piano kama 45. Ndiyo maana fundi wa kukata, yule aliyeamua msumeno uingie wapi, alilipwa vizuri kuliko wenzake. Akikosea pembe inakuwa vifungo vya shati.

Halafu kuna kuweka weupe. Pembe ikitoka ndani ya ndovu ni ya rangi ya krimu, na mteja wa New York anataka nyeupe kama maziwa. Walivilaza vipande kwenye dawa, haidrojeni peroksaidi, kisha wakavipanga kwenye trei ndani ya nyumba za vioo zilizoinama kuelekea kusini, jua livipige kwa wiki kadhaa. Mtu akigeuzageuza. Picha za zamani za miji hiyo zinaonyesha safu ndefu za vioo, utadhani wanaotesha miche ya nyanya.

Kipara Ngoto

@FundiVinanda na vyeusi ni mpingo wetu? Maana hapo tutakuwa tumetoa piano nzima bure.

FundiVinanda

@Kipara hapana mkuu, hapo wengi wanakosea. Vibonyezo vyeusi vilikuwa vya mti mwingine mweusi, jamii ya mkulo na mdaa, kutoka nchi mbalimbali. Mpingo wetu ulikwenda kwenye zumari za Kizungu, klarineti na obo. Hadi leo unakwenda huko.

Kipara Ngoto

Hesabu basi. Nimeona mahali kwamba mwaka 1909 Marekani ilitengeneza piano zaidi ya 360,000. Gawa kwa 45, unapata pembe 8,000. Ndovu 4,000 kwa mwaka mmoja, kwa ajili ya mabinti wa watu kujifunzia nyimbo za Krismasi.

FundiVinanda

Hesabu yako ina matobo pande zote mbili. Kwanza si piano zote zilikuwa na pembe, za bei nafuu ziliwekwa seluloidi. Hapo idadi inashuka. Pili, pembe ya kutoa piano 45 ni ya ndovu mzee, pauni 75 hivi. Nyingi zilikuwa ndogo zaidi. Hapo idadi inapanda. Sitaki kusema ni ngapi.

Bi Mwasiti

Kaka Isike, shikamoo mfikishie mama. Nina swali. Huyo mzee wa mgahawani alisema chochote kuhusu watumwa? Maana naona Wazungu wakisimulia pembe husimulia ufundi na mashine, wakifika kwa waliobeba wanakohoa.

Isike wa Springfield

@Bi Mwasiti, mama anasema marahaba, Mungu akubariki.

Alisema, tena bila kuulizwa. Na alichosema ndicho kimenikosesha usingizi kuliko mengine.

Mmoja wa wakubwa wa pembe pale Deep River aliitwa George Read, shemasi wa kanisa. Alitengeneza vitana vya pembe, na jina lake ndilo hilo Read la Pratt, Read. Shemasi huyu alikuwa mpinga utumwa wa kweli. Nyumba yake ilikuwa kituo kwenye ile njia ya siri ya kuwatorosha watumwa kutoka majimbo ya kusini, wenyewe waliita reli ya chini kwa chini ingawa haikuwa na reli. Kijana mmoja, Daniel Fisher, alitoroka utumwani South Carolina mwishoni mwa miaka ya 1820, akaelekezwa afike kwa Read. Akapokewa. Akabadilisha jina, akajiita William Winters, ili wawinda watumwa wasimjue. Akakaa Deep River hadi uzee wake. Kuna mtaa una jina lake, Winter Avenue. Tuliupita kwa gari, mtaa wa kawaida kabisa, mapipa ya taka yamepangwa nje.

Sasa kaa ufikirie. Bwana huyo huyo anamficha mtoro ndani, kesho yake asubuhi anafungua kiwanda.

Konda Mstaafu

Hapo mimi namtetea shemasi. Mwaka 1830 mtu wa Connecticut angejuaje pembe imetoka vipi Tabora? Hakukuwa na WhatsApp. Yeye kaletewa mzigo na meli, kanunua. Wewe simu unayoandikia uzi unajua kobalti yake imechimbwa na nani?

Bi Mwasiti

Ndiyo, najua. Na wewe unajua. Ndiyo maana umeitaja.

Konda Mstaafu

Dada umenikaba koo.

Mtu wa Forodhani

Konda, kwa mwaka 1830 nakupa nusu. Lakini mbele ya hapo hapana. George Cheney, yule wa Comstock, Cheney, aliishi hapa Zanzibar miaka kadhaa akinunua pembe kabla ya kurudi kwao kuingia ubia. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na lilikuwa mwendo mfupi kwa miguu kutoka nyumba za wafanyabiashara wa Kizungu. Mtu haishi hapa akasema sikuona. Mwanzoni mwa karne ya 20 akaja mnunuzi wao mwingine, Ernst Moore. Huyo baadaye sana, biashara ikiwa inakufa, aliandika kitabu kizima cha kuilaani. Alijua vizuri.

Na kuna fundo jingine ambalo huwa nawaambia wageni ninaowatembeza. Ile amerikani ilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Ikaja Zanzibar, ikapanda bara, ikanunua pembe, pembe ikaenda Connecticut. Yule Winters aliyefichwa na shemasi, jasho la wenziwe ndilo lililokuwa limefungwa kwenye robota. Vita vyao vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, nguo za Uingereza na India zikashika soko na Salem haikuinuka tena hapa. Jina amerikani lakini likabaki.

Dr. Mabano

Nimesoma yote. Naomba nipinge kitu kimoja ambacho kinakaribia kusemwa: kwamba pembe zilibebwa na watumwa. Hiyo ndiyo hadithi wanayosimulia hata huko Connecticut, kwa nia njema, na inawafuta watu.

Njia ya kati, Tabora hadi Bagamoyo, kilomita 800 hivi, ilibebwa kwa sehemu kubwa na wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliokuwa watu huru, wakipatana ujira, wakilipwa kwa nguo na posho. Waligoma. Walitupa mizigo chini wakadai posho iongezwe. Walikuwa na viongozi wao, nyimbo zao na kiburi chao. Kweli watumwa walikuwepo kwenye misafara, hasa ile iliyotoka Manyema, mashariki mwa Kongo, kwa wafanyabiashara wa pembe na watumwa kama Tippu Tip, na huko unyama ulikuwa mkubwa. Lakini ukisema "watumwa walibeba" ukaishia hapo, umemnyang'anya Mnyamwezi kazi yake ya kwanza ya mshahara.

Bi Mwasiti

Dr., ujira wa kubeba frasila mbili (kama kilo 32) kichwani miezi mitatu, ukifa njiani unafukiwa chini ya mbuyu. Huo uhuru nao una kikohozi.

Dr. Mabano

Sijasema kazi ilikuwa nyepesi. Nimesema ilikuwa kazi.

Isike wa Springfield

Hapa naomba mtulie kidogo.

Jana nilimsomea mama majibu yenu yote mezani, maana anauliza kila saa "wanasemaje". Nilipofika kwa Dr. Mabano akasema rudia. Nikarudia. Kisha akanisimulia kitu ambacho miaka 41 ya kuzaliwa kwangu sijawahi kukisikia.

Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi. Mama anamkumbuka vizuri, alikufa yeye akiwa darasa la pili. Mzee alikuwa na nundu begani kulia, sugu gumu kama kisigino, na wajukuu walikuwa wanapenda kulibonyeza. Alipokuwa kijana, reli ya Wajerumani ilikuwa haijafika Tabora, hiyo ilifika mwaka 1912. Alishuka pwani mara tatu. Kwao kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa mwanamume, hata kuoa alisumbuliwa. Safari ya kwanza alibeba kibaba cha unga na mkeka wa mtu mwingine. Ya pili na ya tatu akapewa pembe. Alisema mzigo wa nguo ni afadhali kwa sababu unakaa begani, pembe inateleza, tena ina upande mmoja mzito, ukijisahau inakugeuza unatazama ulikotoka.

Nikamuuliza mama, babu alikuwa mtumwa? Akanitazama kama nimetukana. Akasema babu alirudi na kaniki mbili za bibi, jembe, na kitambaa cha amerikani ambacho walimzikia.

Halafu akasema, "Lakini hakuwahi kutuambia pembe zilikuwa zinakwenda kufanya nini. Nadhani hakuambiwa."

Nyakio254

Nimeweka simu chini kwanza.

Konda Mstaafu

Inateleza na ina upande mmoja mzito. Hilo huwezi kulitunga.

Pwani Kwetu

Mimi ni wa Bagamoyo, nyumba yetu iko karibu na Caravanserai, pale misafara ilipokuwa inapumzikia. Tulipokuwa watoto wazee walikuwa wanatuonyesha uwanja wanasema hapa Wanyamwezi walilala maelfu kwa maelfu msimu wa misafara, wanapika, wanacheza ngoma usiku kucha, mji mzima hausinzii. Pembe zikipimwa kwa frasila, ndogo ziliitwa kalasha. Mama wa Isike akirudi apite kwetu. Babu yake alishapita.

Kipara Ngoto

Swali la kijinga: biashara ilikufa lini huko? Mwaka 1989 si ndio dunia ilipopiga marufuku?

Isike wa Springfield

Ilikufa mapema kuliko hapo. Redio na gramafoni zilikula soko la piano, kisha ukaja mdororo wa miaka ya 1930, na mwaka 1936 zile kampuni mbili zilizoshindana miaka yote zikaungana. Wakati wa vita vya pili Pratt, Read ilitengeneza ndege zisizo na injini za kushushia askari, maana mafundi wa mbao na gundi walikuwepo tayari. Miaka ya 1950 plastiki ikamaliza kazi.

Dr. Mabano

Na huo mwaka 1989 ni Tanzania iliyopeleka pendekezo la kumpandisha ndovu wa Afrika kwenye orodha ya juu ya ulinzi. Mwaka huo huo ilikuwa Operesheni Uhai, jeshi liliingia porini kusaka majangili. Wanaokumbuka hifadhi ya Selous ya miaka hiyo wanajua hali ilivyokuwa.

Mzee wa Sheli

Mimi dereva wa malori, nipite na la kwangu. Wanaotaka kwenda: hiyo barabara ya 154 usiipite na gari kubwa wikiendi ya tatu ya Julai. Deep River wana gwaride la filimbi na ngoma za kizamani, watu wamevaa kofia za pembe tatu, barabara haipitiki. Na kama mna watoto vukeni kwa pantoni ya Chester kwenda Hadlyme. Imekuwepo tangu 1769, inabeba magari manane tisa hivi, mkivuka mnaliona kasri la mawe juu kilimani, la mwigizaji William Gillette. Watoto watasahau treni.

Isike wa Springfield

Nimerudi wakuu. Jumamosi hii tulikwenda tena. Mama ndiye aliyedai, watoto tuliwaahidi pantoni ya @Mzee wa Sheli, na kweli walisahau treni.

Safari ya kwanza sikuwa nimeangalia siku za kufunguliwa makumbusho ya mji, kosa langu. Safari hii niliangalia. Ni nyumba ya mawe ya mwaka 1840 kwenye mtaa mkuu, inatunzwa na chama cha historia cha Deep River. Ndani kuna vitana vidogo vya kuchania chawa, vyenye meno membamba hadi unajiuliza msumeno ulipitaje. Vibonyezo vya piano.

Mama alisimama mbele ya vile vitana muda mrefu. Mwanamama anayejitolea pale akaja kutuhudumia, akauliza kama tuna swali. Mama kwa Kiingereza chake cha ualimu akamwambia: babu yangu alizibeba pembe hizi. Yule mama akafikiri hajasikia vizuri. Akarudia. Basi akavuta kiti, akamkalisha mama, akachukua daftari, akaanza kuuliza yeye. Jina la babu. Kijiji. Siku ngapi njiani. Walikula nini. Mama akajibu, mimi natafsiri pale lugha ilipokwama. Lile la upande mmoja mzito halikupata tafsiri nzuri, nikalionyesha kwa mwavuli. Saa nzima na nusu. Watoto waliwekwa nje na mke wangu wakala aiskrimu mbili mbili.

Tulipotoka mama akaniuliza kuhusu jina la kwao, "Ameandika Unyanyembe vizuri?" Nikamwambia niliangalia, ameandika vizuri.

Bi Mwasiti

Mimi nilisema wanakohoa wakifika kwa waliobeba. Huyu hakukohoa. Nakiri.

FundiVinanda

Isike, nina ombi. Kanisa mnalosali lina piano?

Isike wa Springfield

Lipo, la zamani, limekaa pembeni hakuna anayelipiga, kwaya wanatumia kinanda cha umeme. Nilijua utauliza. Jumapili baada ya misa tulifunua kifuniko mimi na mama. Mstari wa kiungo upo. Nyuzi zipo. Vibonyezo vitatu vimebanduka, kumebaki mbao. Rangi imekuwa kama ya meno ya mvuta tumbaku.

FundiVinanda

Imefungwa gizani muda mrefu. Pembe ikikosa mwanga inakuwa njano. Wakiiacha wazi karibu na dirisha, si jua kali, itarudi kidogo. Si kama zamani.

Isike wa Springfield

Nimemsomea. Amesema atamwambia padri mwenyewe.

Halafu @Mtu wa Forodhani, umetuponza. Mama sasa anataka Salem, kwa huyo Waters wako. Jumamosi ijayo tunaondoka saa mbili asubuhi. Gari ina nafasi moja nyuma, mtu wa Springfield au Worcester anitumie ujumbe binafsi. Ya mbele imeshachukuliwa.

Konda Mstaafu

Na picha mkuu.